Aliyeita Mara Moja

Hadithi hii nilipewa na Lea binti Simeoni, mwaka ule ndege walipokula alizeti zote za Iguguno tukabaki na mabua. Tulikuwa tunapepeta uwele barazani kwake, wajane wawili, hatuna haraka ya kwenda popote. Wakati wa mambo haya Lea alikuwa msichana mdogo, akilala kitanda kimoja na dada yake, na alichokisikia alikisikia kwa masikio yake mwenyewe. Nami nakipitisha kama nilivyokipokea. Chumvi sikuongeza; Singida chumvi tunayo ya kutosha, imejaa ziwani.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha, askari wamerudi na makoti yao mazito. Pale Singida mjini, nyuma ya maduka ya Wahindi, palikuwa na mashine ya kusaga. Siku ya mnada watu walijaa pale kama siafu: huyu na kikapu, yule na debe, watoto wanalia, punda wanajibu. Mashine nayo inanguruma hata ukisema na mwenzako lazima umshike sikio.

Theresia, dada yake Lea, alikuja siku hiyo na uwele wa bibi yake. Alivaa gauni la maua alilolikopa kwa rafiki, kanga mpya kiunoni, na nywele amesuka mistari myembamba inayokutana kisogoni. Alipofika mlangoni, mlango ukafunguka kwa kishindo, akatoka mtu mweupe. Mweupe kichwa, mweupe kope, mweupe mpaka ndani ya masikio.

"Yesu na Maria! Mzimu!" Kikapu kikamtoka Theresia mikononi, uwele ukamwagika.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule mtu mweupe akajipangusa uso kwa kiganja, ukatokea weusi mzuri unaong'aa jasho, na meno yanayocheka.

"Si mzimu, dada. Ni Alute, mwendesha mashine. Mzimu hali ugali. Mimi nauvaa kabisa."

"Na uwele wa bibi yangu nao utauvaa? Tazama ulivyoumwaga!"

"Nimeumwaga mimi au umeumwaga wewe kwa woga?" Lakini alikwisha piga magoti, anaukusanya punje kwa punje, na Theresia akapiga magoti upande wa pili. Wakatazamana juu ya kikapu. Lea, aliyekuwa ameshika pindo la gauni la dada yake, aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua. Watoto huyaona haya kabla ya wazee.

"Bag," akasema Alute, akiinua kile kikapu.

"Umesema nini?"

"Kizungu hicho. Bag ni mfuko. Kikapu bado hatujafundishwa, kwa hiyo leo kikapu chako ni mfuko."

Alikuwa anasoma, Alute. Jioni, kazi ikiisha, alikwenda kwenye baraza la shule kwa Mwalimu Melkizedeki pamoja na vijana wengine, wapishi wa Wazungu na wabeba mizigo. Mwalimu hakuwa na vitabu. Alikuwa na chaki na ukuta. Akabuni njia yake. Alisema neno dogo la Kizungu ni kama nyumba yetu ya udongo: lina kuta mbili, na katikati nguzo. Shika nguzo, badilisha kuta, utapata nyumba nyingi. Basi kwa majuma kadhaa darasa zima lilikaa kwenye nguzo ya A, hawaruhusiwi kutoka: bag, mfuko; hat, kofia; man, mwanamume; fat, mnene. Ndipo wahamie nguzo ya E: hen, kuku; bed, kitanda; leg, mguu; wet, kulowa. Kisha I. Nguzo ya O na ya U zilikuwa mbali bado, na Mwalimu hakukubali mtu arukie nguzo ambayo hajaijenga.

Yale maneno Alute alimpa Theresia yote, kama mtu anayemletea mpenzi wake matunda. Na namna ya kumpa ilikuwa hivi.

Nyumba ya mzee Simeoni ilikuwa mwisho wa mji, upande wa ziwani, chini ya yale majabali yaliyopandana kama magunia ghalani. Kijana hawezi kubisha hodi kwa baba wa msichana bila sababu. Kwa hiyo Alute, akitoka darasani jua linapozama, alipita nyuma ya mawe na kuita. Lakini nyumbani mle alikuwamo bibi, mama yake Simeoni, na bibi alikuwa na sheria yake, na bibi yangu mimi pia alikuwa nayo hiyo hiyo: ukiitwa jioni, giza linapoingia, usiitikie mwito wa kwanza. Mtu hai mwenye damu ataita tena. Wale wengine huita mara moja tu.

Theresia alimweleza, na Alute akaishika. Aliita neno, akangoja kidogo, akaliita tena. Ndipo Theresia, akijifanya anakoka moto uani, alijibu kwa maana yake.

"Hen!" Kimya. "Hen!"

"Kuku!"

"Kuku mwenyewe hajambo?"

"Hajambo, ila kuna kunguru kwenye mawe yale anapiga kelele!"

"Bwana Shauri kule boma ana simu ya waya," Alute akacheka kutoka gizani. "Sisi tuna ya mawe. Haloo, mpenzi! Wanisikia?"

"Hata bibi anakusikia, na fimbo anayo mkononi!"

Mambo yalikuwa matamu hivyo mpaka Manase alipotokea. Manase alikuwa amefiwa na mke, mtu mzima, mwenye ng'ombe wengi na baiskeli yenye taa. Hakuwa mtu mbaya. Alileta wazee wake kwa Simeoni, na Simeoni akasema atawajibu baada ya mavuno.

Siku hiyo Theresia alikwenda kwenye mashine, akamkuta Alute anafunga mkanda wa mashine.

"Umesikia habari?"

"Nimesikia. Ng'ombe wangapi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa natazama taa ya baiskeli." Alitania tu, maskini. Ulimi wake ulikuwa hivyo tangu utoto, ukiogopa hucheka.

Lakini Alute hakucheka. "Taa inamulika vizuri?"

"Alute, nakutania."

"Mimi nina nini, Theresia? Nina unga wa watu masikioni." Akaupiga mkanda ule kofi. "Kuna lori linachukua watu kwenda Ugogo, wanang'oa visiki kwa matrekta ya Wazungu. Nikifanya kazi kule nitarudi na mwanzo wa mahari. Utaningoja?"

Theresia alikuwa na hasira kidogo kwamba utani wake haukupokelewa. Akainua bega moja. "Uliza ukiwa na uso uliooshwa."

Alijua atamjibu jioni kwenye mawe. Ndivyo alivyojua yeye. Ila lori lilijaa mapema kuliko ilivyosemwa. Jua linagusa ziwa, dereva anapiga honi pale barabarani, Alute akakimbia mpaka nyuma ya mawe, hana pumzi, akaita:

"Sit!"

Lilikuwa neno la nguzo ya I, la mwisho alilompa. Maana yake keti. Kaa hapo hapo, usiende kwa mtu.

Theresia alisimama uani, mwiko mkononi, jibu limejaa mdomoni. Akangoja mwito wa pili. Honi ikalia tena. Mwito wa pili haukuja. Alute alingoja kadiri alivyoweza, akasikia mbuzi, akasikia upepo, basi. Akarudi barabarani, akapanda lori akiwa mtu aliyekataliwa. Na Theresia alibaki na neno lake mdomoni hata likawa chungu.

Miezi ikapita. Theresia akaanza kukaanga karanga na kuziuza kwenye baraza la shule jioni, wala hakujali karanga. Alikaa kwenye ngazi, akawasikia wakijenga nguzo ya O: pot, chungu; dog, mbwa; hot, moto. Kila neno alilifungia moyoni ili Alute akirudi asimkute nyuma.

Wakati wa kuvuna, lori lilirudi, na utingo wake akasema mbele ya watu sokoni: "Alute wa Singida, yule wa maneno ya Kizungu, amekufa kwa homa. Tumemzika kule kule."

Theresia hakulia sokoni. Alirudi nyumbani akachota maji, akapika, akawagawia watu chakula. Alipokwenda kumwaga maji machafu uani, kitu kikatokea. Upepo wa Singida mnaujua, haupumziki, mchana na usiku unazungumza na mabati. Jioni ile ulinyamaza ghafla, kama mtu aliyeshikwa koo. Mbwa akaingiza mkia katikati ya miguu, akaingia chini ya kitanda cha kamba. Na kutoka kwenye mawe sauti ikaita:

"Sit."

Mara moja.

Sauti ya mwanamume. Ya nani? Mawe yale yanakula sauti. Huleta neno, mwenyewe humficha. Theresia alifungua mdomo. Mkono ukamziba kutoka nyuma, mkono mkavu unaonuka ugoro.

"Usithubutu," bibi akasema sikioni mwake.

"Bibi, ni yeye."

"Ndiyo. Ni yeye. Kwa hiyo usithubutu."

Upepo ukarudi. Jioni ya pili yake vile vile, na nyingine, na nyingine. Upepo unakufa, mbwa anakimbia, sauti inaita neno moja, mara moja. Hat. Leg. Wet. Hilo la kulowa liliitwa jioni moja ya mvua, na Lea alijivuta chini ya blanketi akauma vidole. Mara nyingi zaidi lilikuja lile la keti.

"Anataka nini, bibi?" Theresia aliuliza. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imetokeza kwenye gauni. "Anasikitika? Nikimjibu neno moja tu atapumzika."

"Kulikuwa na msichana upande wa Ikungi," bibi akasema, akijaza ugoro puani. "Mchumba wake alizama mtoni. Akamwita, msichana akaitika. Hakuugua, hakulia. Alipungua tu kila siku kama sabuni, mpaka siku moja mama yake akakuta shuka tupu kitandani."

"Labda alikuwa na furaha."

"Labda. Hakurudi kutuambia."

Wazee wa Manase walikuja kuulizia. Simeoni alimwita binti yake. Hakuwa baba mkali, alikuwa amechoka tu. "Mwanangu, ungekuwa na mtu wa kumngojea ningengoja nawe. Lakini huwezi kuolewa na mawe. Waje walete ng'ombe?"

"Wape siku, baba. Nitakwambia."

Maana ndani yake kulikuwa na jambo linamkereketa, na hakujua ni jambo gani. Jioni hiyo darasani walikuwa wamefika nguzo ya U. Mwalimu Melkizedeki, mwembamba, koti moja kila siku, aligonga ukuta: "Sun! Jua! Cup! Kikombe! Run! Kimbia!" Darasa likaitikia, mpishi mmoja akasinzia, akapigwa kipande cha chaki. Watu walipotawanyika Theresia akamkaribia, karanga kwenye ungo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti Simeoni. Pole na msiba."

"Asante. Mwalimu, nikuulize. Mtu akifa, anaweza kuongeza neno?"

"Kuongeza neno vipi?"

"Kujifunza. Neno ambalo hakuwa nalo akiwa hai."

Mwalimu alimtazama kitambo. Alikuwa akikaa karibu na ziwa. Huenda naye alikuwa amesikia. "Mfu hajifunzi, binti. Alichoondoka nacho ndicho hicho." Halafu akatazama njia aliyoshika yule mpishi. "Hata walio hai wanashindwa."

Theresia akarudi akitembea polepole, na njiani lile jambo likajitokeza kama mwiba unapotoka. Sauti ile ilikuwa imekwisha kuita maneno ya A, ya E, ya I. Ya O haikuwahi kuita hata moja. Ilikuwa imesimama pale pale Alute alipoachia. Basi ni kweli amekufa. Akaingia ndani, akamwambia baba yake: "Waje."

Wakaambiwa waje keshokutwa asubuhi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nyumba ilijaa harufu ya pombe iliyokuwa ikiandaliwa. Theresia alikuwa uani amejifunga kanga mbili, macho makavu, anakoroga. Lea alikuwa karibu na moto. Jua likazama, na wote wakasubiri upepo ufe.

Haukufa. Uliendelea kupiga mabati, ukarusha majivu. Mbwa aliyelala kizingitini akainua kichwa, akatikisa mkia. Na kutoka kwenye mawe:

"Run!"

Theresia alisimama na mwiko wake, kama siku ile ya lori.

"Kaa kimya," bibi akasema, akamkamata kanga. "Tunangoja wa pili."

"Bibi, hilo ni la nguzo ya U."

"La nguzo ya mama yako! Nyamaza!"

"Hakuwa nalo! Alipoondoka hakuwa nalo, bibi! Mfu hajifunzi!"

"Ngoja wa pili, nimesema!"

Theresia alikumbuka honi ile. Alikumbuka namna alivyongoja mwito wa pili mara ya kwanza, na kungoja kule kulivyomgharimu. Akajizungusha, kanga ikabaki mkononi mwa bibi, naye akatoka mbio na gauni lake la ndani la marekani, akapiga kelele iliyosikika mpaka sokoni:

"Kimbia! Maana yake kimbia! Alute, kimbia!"

Kule nyuma ya mawe palikuwa na mwanamume aliyekwisha geuka. Alikuwa ameshuka kwenye lori linalokwenda Iguguno kwa mjomba wake, amemwomba dereva muda mfupi. Alijisemea ataita mara moja, basi; mtu aliyekataliwa hawezi kukataliwa mara nyingi, moyo una mwisho wake. Alikuwa ameanza kushuka njia, kaptula ya kaki, katambuga miguuni, kifurushi begani. Aliposikia jibu, kifurushi kikaanguka.

Wakagongana kwenye mawe hata wakapasuka midomo.

"Wewe ni mzimu?" Theresia alimshika uso, masikio, shingo. "Wewe ni mzimu?"

"Mzimu hali ugali. Na mimi nina njaa, mpenzi. Sijala tangu jana."

"Mbona uliita mara moja siku ile?"

"Lori! Na wewe mbona hukuitika?"

"Uliita mara moja!"

Wakatazamana, wakaelewa, na kwa kuwa hapakuwa na la kusema wakaanza kucheka, kisha Theresia akalia kilio chote cha miezi ile, na dereva wa Iguguno akapiga honi mpaka akachoka akaenda zake.

Simeoni alimkaribisha ndani. Bibi alimshika mkono, akamminya nyama, akamnusa, akaridhika. Alipewa ugali, akala mbele yao wote, wakimtazama kila tonge linavyoshuka.

"Sasa, mwanangu," bibi akasema, "kama wewe ulikuwa hai huko, nani alikuwa anaita hapa?"

"Aliita nini?"

Lea ndiye aliyejibu. "Sit, shemeji. Na hat, na wet. Kila jioni. Mara moja."

Tonge likasimama njiani. Alute akaliweka chini.

"Kule kambini nililala na mtu wa Mgori," akasema polepole. "Wajina wangu. Naye Alute. Kwa watu wa kule, Mgori na hapa ni kitu kimoja; wote tulikuwa Alute wa Singida. Hakuwa na mtu wa kumwita, wazazi walikwisha kufa. Nikamfundisha maneno, ya A, ya E, ya I. Alipenda yale. Nilimwambia habari ya mawe haya. Nikamwambia, ukitangulia kurudi, pita pale uite. Mwambie akae, naja. Akaahidi. Homa ikampata. Siku ya mwisho akaniambia, natangulia, wajina. Nikafikiri ni homa inasema. Ya O na ya U nilifundishwa baadaye na mnyapara, yeye hakuyapata."

Kuni zikajipanga motoni zenyewe.

Simeoni akaongeza kuni moja. "Wazee wa Manase nitawaomba radhi asubuhi. Mtu aliyemtuma mshenga kaburini, na mshenga akaja kila jioni bila kukosa, mimi nitamkatalia kwa mdomo gani?"

"Ng'ombe sina wengi, baba."

"Utaanza na ulio nao. Theresia, unamtaka huyu?"

"Ameosha uso?" Theresia akauliza.

Hapo upepo ukafa.

Ulikufa kama zamani, wote kwa pamoja. Mbwa akaingia chini ya kitanda cha kamba. Kutoka kwenye mawe, taratibu, sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu:

"Sit."

Alute alikuwa pale, mbele yao, kinywa chake kimefungwa. Lea aliniambia kwamba hakupata kuona uso wa mtu ukigeuka vile. Alute akainuka.

"Ulimtupia udongo kaburini?" bibi akauliza.

"Nilimtupia, kwa mkono huu."

"Basi wewe unaweza kumwitikia. Sisi wengine hapana."

Alute akaenda mpaka kizingitini, akautazama mlima wa mawe ulio mweusi chini ya nyota.

"Keti," akajibu. "Ndiyo maana yake. Keti, wajina. Umeufikisha ujumbe. Hapa ni kwetu, na kwako. Keti."

Kimya. Kisha juu kule jiwe dogo likasogea, likabingirika kidogo, kama linavyofanya pale mtu mzito anapojiweka chini baada ya safari. Upepo ukarudi kwenye mabati.

Bibi alilala wa kwanza, ugoro mkononi. Simeoni akafuata. Alute alitandikiwa karibu na moto, na kabla ya kufumba macho aliita kwa sauti ndogo kuelekea chumbani, "Bed," akangoja, "Bed," na Theresia akamjibu, "Kitanda, sasa lala," wakalala wote wawili wakiwa na ukuta katikati.

Akabaki Lea peke yake, macho wazi gizani. Alisikiliza mawe. Alisikiliza sana, akiwa ameshika blanketi kwa meno, mpaka akachoka kungoja, mkono ukalegea, naye akalala.